Kibao cha Mwalimu Kastori

Mwanjelwa, Mbeya
Jumamosi mchana

Mama yangu mpendwa,

Kamwene, mama. Naamini barua hii inakukuta umesharudi kutoka shambani na miguu umeinyoosha pale barazani. Goti linaendeleaje? Dawa unakunywa, au umeziweka juu ya kabati ukingoja liume zaidi? Nakujua. Mahindi je, na ile mianzi aliyoiacha baba imeanza kutoa pombe ya ulanzi? Huku mimi ni mzima wa afya, ila baridi ya Mbeya haina adabu. Nafundisha nikiwa na sweta mbili na bado chaki inanitetemeka mkononi.

Najua utashangaa kupata bahasha kwa mkono wa kondakta wakati juzi tu tuliongea. Kwenye simu ungeanza kunipoza kabla sijafika katikati, na safari hii sitaki kupozwa. Mdogo wangu Editha akusomee taratibu. Akifika mahali akasita, mwambie aendelee.

Unamkumbuka Mwalimu Kastori, yule mrefu aliyekuwa mwalimu wa nidhamu nilipokuwa kidato cha pili, bweni, kule Iringa? Yule uliyempelekea jogoo wa shukrani nilipofaulu? Yuko hapa. Alistaafu serikalini, na tangu mwezi wa kwanza mkuu wetu wa shule amemwajiri awe mwalimu wa taaluma. Siku ya kwanza alinipa mkono akaniita Madam. Hakunitambua. Yule Skolastika mwembamba wa Kalenga hayupo tena, nimenenepa na navaa miwani, na kwake nilikuwa mwalimu wa Kiingereza kama mwalimu mwingine yeyote. Mimi nilimtambua kwa kikohozi tu, kabla hajaingia mlangoni.

Wiki ya pili, paredi ya asubuhi, alitoa kibao kwenye mkoba wake. Wewe hujawahi kukiona, kwa hiyo nikueleze. Ni kipande cha ubao chenye kamba ya katani, kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba anayekivaa ni mjinga. Mwanafunzi akisikika anaongea Kiswahili au lugha ya kwao, anavalishwa. Atakivua siku atakapomsikia mwenzake akikosea, amvalishe yeye. Anayekutwa nacho jioni anasugua vyoo. Kwa hiyo watoto wanakaa kutwa nzima wakitegeana masikio, hata marafiki. Mwalimu Kastori alisema sheria haina mkubwa, hata mwalimu akikosea atavaa, hata yeye. Mkuu wa shule akampigia makofi. Mimi nilipiga pia, mama, nikakariri maneno yake neno kwa neno.

Muhula huu nafundisha kidato cha tano hadithi moja ya kale ya Kizungu, zile za majumba makubwa yenye giza na mambo ya kutisha. Bwana mmoja tajiri anamfunga kijakazi wake kengele shingoni, ili asikie kila anakokwenda ndani ya nyumba. Kijakazi anatoroka. Miaka inapita, yule bwana anapofuka, watumishi wanamkimbia wote, na mwanamke mmoja mgeni anakuja kumhudumia kwa upole sana. Siku moja mgeni anamwambia, nikuvalishe kitu shingoni nisije nikakupoteza. Bwana anashukuru. Anapiga hatua moja, anasikia mlio, anaujua. Hadithi inaishia hapo.

Kazi ya wanafunzi ni kuchambua msamiati na ishara. Kengele ni nini? Upofu ni nini? Kwa nini milango yote ya nyumba ile inafungwa kutoka nje? Wanapenda mno, hata wale wanaosinziaga. Tulikwama kwenye neno moja la Kiingereza, la hofu inayomwingia mtu kabla jambo halijatokea. Wakajaribu kwa Kiingereza chao wakashindwa. Ndipo Tumpe, binti mmoja wa Tukuyu anayekaa dawati la mbele, akasimama akaeleza kwa Kinyakyusa, sentensi mbili tu, jinsi bibi yake anavyosema mbwa akibweka mchana na nyumbani kuna mgonjwa. Darasa zima likaelewa, hata sisi tusio Wanyakyusa, kwa namna alivyojishika kifua. Nilikuwa sijamaliza kumsifu binti huyo, Mwalimu Kastori akachomoza dirishani na kibao chake. Tumpe alikivaa siku tatu. Hakutaka kumtegea mtu, alisugua vyoo na kunyamaza.

Siku hizo tatu sikula vizuri. Na sasa nakwambia, mama, jambo ambalo sijakwambia kwa miaka kumi na tisa.

Siku baba alipofariki, Mwalimu Kastori ndiye aliyeniita ofisini. Aliniambia kwa Kiingereza. Mimi nikalia kwa Kihehe. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, baba yangu amekufa, ningelia kwa lugha gani? Alinisubiri nikapumua, akafungua mtoto wa meza, akatoa kibao akanivalisha, akasema msiba ni msiba na sheria ni sheria. Nilitembea nacho kutoka ofisini hadi bwenini kufungasha, na kutoka bwenini hadi getini, shule nzima ikiniangalia. Mlinzi ndiye aliyenivua.

Ndiyo maana sikulia mazikoni. Nyie wote mlikuwa mnaomboleza, kila mwanamke anamwita baba na kumweleza habari zake kama desturi yetu ilivyo, na mimi nimesimama mkavu. Kila nilipofungua mdomo nilihisi kamba shingoni. Shangazi akasema mbele ya watu kwamba shule imenila moyo, na maneno hayo yamenifuata kwenye kila harusi na kila kipaimara tangu siku ile. Wewe hukuniuliza. Nilitamani uniulize, na nilikuwa naomba usiulize.

Basi Jumatano, siku ya tatu ya Tumpe, Mwalimu Kastori aliingia darasani kwangu kukagua somo. Akakaa nyuma na daftari lake. Tulikuwa ukurasa wa mwisho, pale bwana kipofu anapopiga hatua, na Tumpe amekaa mbele na kibao shingoni. Simu ya mwalimu ikatetemeka. Akaitazama, akapokea, kwa sababu mtu wa kwao hampigii saa za kazi bila jambo. Akasikiliza. Kisha akasimama akapiga yowe kwa Kihehe, akimlilia marehemu kaka yake mkubwa, yule aliyemlea. Sauti yake, mama, ilikuwa sauti ya wanaume wa kwetu kabisa. Sikujua kwamba anayo.

Watoto wakaanza kumtazama Tumpe, mmoja mmoja, maana yeye ndiye mwenye kibao na sheria ilikuwa imeandikwa ubaoni kwa mkono wa mzee mwenyewe. Tumpe akanitazama mimi. Macho yalimtoka, akatikisa kichwa kukataa.

Nikamvua. Nikatembea hadi nyuma ya darasa nikamvalisha Mwalimu Kastori.

Usitafute namna ya kunitetea kwa watu. Sikupitiwa. Nilijua ninachofanya kila hatua, na nilifurahi. Nilifurahi mpaka vidole vikapata joto kwa mara ya kwanza mwezi huu. Yeye aliinamisha shingo, kwa mazoea ya utoto wake shuleni nadhani, akaniachia niweke kamba vizuri chini ya kola. Hakuna mtoto aliyecheka.

Nikamwambia kwa Kihehe, polepole, asikie vizuri.

"Mimi ni binti wa Kalenga uliyemvalisha siku alipofiwa na baba yake."

Alinitazama. Niliona anatafuta kweli, anapekua.

"Mwanangu," akasema, "mlikuwa wengi. Sikumbuki."

Mama, nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu. Akikana, ninamtajia siku na rangi ya shati lake. Akiomba msamaha, ninamnyima. Hili la kusahau sikulitarajia. Nimembeba mtu huyu miaka kumi na tisa, nimemlisha na kumlaza kichwani mwangu, kumbe yeye hakuwahi kunibeba hata siku moja. Furaha yangu ilikatika papo hapo na hasira ikarudi imeongezeka. Wengi! Hebu wahesabu hao wengi waliorudi majumbani kwao kuzika wakiwa na kamba shingoni.

Akatoka. Dereva wa shule akamkimbiza stendi kupanda basi la Iringa, na wanasema alipanda na kibao bado kimening'inia, hakuna aliyethubutu kumwambia. Pengine alikigundua basi liliposimama Igawa na wauza vitunguu wakamwangalia dirishani. Natumaini mmoja wao anajua kusoma Kiingereza.

Mkuu wa shule aliniita mchana ule ule. Alinigombeza mpaka akakosa maneno ya Kiingereza, akahamia Kiswahili, na sikumkumbusha sheria. Anasema nimemdhalilisha mzee kwenye msiba. Nikamjibu kwamba hilo ni kweli, na kwamba mzee alinifundisha mwenyewe. Hukumu yake ni hii. Jumatatu Mwalimu Kastori anarudi. Paredini, mbele ya wanafunzi wote, nimpe pole na nimwombe radhi, kwa Kiingereza, la sivyo nikabidhi vitabu na kurudi kwetu.

Wenzangu ofisini wananishauri nimeze hasira. Mwalimu wa Hesabu, rafiki yangu, mtoto wa watu wa Mbozi, kaniuliza kama Wahehe wote tuko hivi au ni mimi tu. Nikamwambia aulize Wajerumani waliokuja kupigana na babu zetu.

Nimeshaamua. Jumatatu nitampa pole, maana aliyekufa hana kosa na mfiwa ni mfiwa. Lakini hakuna Mhehe anayepewa pole ya kaka yake kwa Kiingereza. Nitapiga goti paredini kama ulivyonifundisha, nitashika mkono wake kwa mikono yangu miwili, nitampa pole ya kwetu yote, na marehemu nitamtaja kwa heshima, kwa sauti ya kufika hadi safu ya nyuma. Radhi sitaomba.

Kibao anacho yeye. Kwa sheria yake, anayevaa atakivua kwa kumvalisha atakayemsikia akikosea, na mimi nitakuwa nimekosea mbele ya watu mia nne, shingo nimeiinamisha mbele yake. Akinyoosha mkono anivalishe, watoto wote watamwona anayeadhibu pole ya msiba wake mwenyewe. Asiponyoosha, kibao kitabaki kwake, na hatakuwa na uso wa kumvalisha mtoto mwingine tena. Nimefikiria njia zote, mama, na sijaona ya tatu. Kama kazi itaondoka, nitakuwa nyumbani kabla ya palizi.

Wasalimie wote. Msalimie Editha anayesoma hapa, nimempa sketi ile ya bluu, mwambie aache kuitafuta kwangu kwa ujanja. Kaka mkubwa na mke wake, na watoto wao wote hadi yule aliyezaliwa juzi ambaye sijamshika. Babu katekista wa kigangoni, aniombee, lakini asimwombee Mwalimu Kastori zaidi yangu. Mama mdogo wa Ifunda, nimepata unga wa ulezi aliotuma.

Na shangazi. Mwite aje, mpe kigoda, mpe na kikombe cha chai, kisha Editha amsomee barua hii yote tangu mwanzo, bila kuruka hata mstari mmoja. Akimaliza kusikia, usimwambie kitu. Mwache alie yeye kwanza.

Mimi mwanao,
Skolastika