Maganda Aliyoyapanga Maman Hadassa

Saint-Josse, Brussels
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa yaya Mujinga, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako Ghislain. Hamjambo huko Lubumbashi? Keren anaendeleaje na shule, na goti la maman limepata nafuu? Mimi ni mzima wa mwili. Baridi imeanza kulegea, ingawa watu hapa bado wamenuna.

Umeniandikia kwamba wazee watakaa Jumamosi ijayo kuamua kama wewe na Keren mje kuishi na mumeo Antoine, au mbaki, kwa sababu eti mtu aliyepoteza jicho kwa mchezo hafai kukabidhiwa mke na mtoto. Mnataka niandike nilichokiona, maana mimi ndiye ndugu niliye karibu naye. Nimeianza barua hii mara tatu. Ya kwanza ilitoka nzuri sana, nikaichana.

Unajua shemeji alivyo. Wiki nzima anaendesha lori la mikate, Jumamosi anapiga shabaha klabuni. Mwaka jana alinunua presse, mtambo wa mkono wa kutengenezea risasi, kwa kuwa za dukani hazikumridhisha: moja inakwenda huku, nyingine kule. Chumba chake cha mtaa wa Jette ni kidogo, basi tukaufunga kwenye meza yangu. Tulihangaika nao siku nzima! Meza ikitikisika kidogo tu, anafungua boliti zote na kuanza upya. Aliniambia kwamba kazi hii haitaki nguvu, inataka muntu wa kunyamaza, na kwamba mimi mwenye mudomo ya redio nitaona shida. Nilicheka, lakini niliipenda kazi ile kuliko nilivyokiri.

Sheria yake ilikuwa moja. Ganda tupu linakaa kwenye kibao mdomo chini. Likishatiwa baruti linasimama mdomo juu. Kabla ya kulifunga kwa kichwa cha risasi, unalimulika ndani kwa tochi, moja baada ya jingine. Baruti yetu ilikuwa kidogo, haikujaza hata nusu ya ganda, kwa hiyo ukikosea ukatia mara mbili, linapokea tu, na risasi hiyo inaweza kupasua bunduki. Ukiwa na shaka, unamwaga yote na kuanza upya. Bon, hilo alilirudia mpaka likanichosha.

Wiki ya mashindano alipewa zamu za ziada, akaniomba nimalizie maganda hamsini. Nilikuwa katikati alipobisha Maman Hadassa wa kikundi cha maombi, yule aliyenipokea nilipofika hapa sina hata koti. Nikaacha kazi, nikamsalimu kwa mikono miwili, nikaenda jikoni kumchemshia chai. Niliporudi, maganda yote yalikuwa yamesimama mdomo juu. Alisema kwa furaha kwamba alikuta vitu vyangu vimepinduka, akanipangia vizuri, maana nyumba ya kijana bila bibi inahitaji jicho ya maman.

Nikamshukuru. Yaya, ningefanyaje? Nimwage baruti yote mbele yake, aone ameharibu? Tena alisisitiza niendelee, eti anapenda kuona kijana anayejishughulisha. Nikaendelea huku tukizungumza, nikichungulia maganda kwa mwanga wa dirisha tu. Tochi ilikuwa kwenye droo.

Jumamosi ile, risasi ya kumi na moja ilipasua bunduki. Kipande cha chuma kilipita pembeni mwa miwani ya kinga. Shemeji alipiga magoti, ameshika uso. Mengine siwezi kuyaandika.

Klabu ina kanuni kwamba asiyetumia risasi za dukani apige alizotengeneza mwenyewe. Walipouliza, Antoine alijibu, kitambaa kimelowa damu, kwamba zile ni zake. Hospitalini aliniamuru ninyamaze, alisema ajali ni ajali, donc hakuna sababu ya kuharibu na dossier yangu, lile faili la kuomba uraia. Nikanyamaza. Amepoteza jicho, amepoteza lori, sasa anakaribia kuwapoteza ninyi, na bado hajafungua mdomo.

Lakini kuna jambo ambalo hata yeye hakulijua. Nilipomaliza maganda yale hamsini, baruti iliyobaki ilikuwa pungufu kwa kipimo cha ganda moja. Niliipima mara mbili. Niliona, yaya, na nilijua maana yake. Nikajiambia labda imemwagika. Nikafunga boksi, nikamkabidhi mkononi, naye akanishukuru.

Jana nilimpa Antoine barua hii aisome mpaka hapo juu. Aliishika karibu sana na jicho lake zima. Akaniuliza kama kweli nilipima mara mbili. Nikasema ndiyo. Akaikunja vizuri, akaiweka mezani karibu na mtambo, akachukua koti lake na kuondoka bila kufunga mlango.

Basi wasomee wazee yote, usiruke kitu. Kama wanamtafuta mzembe, wamempata, na si mumeo. Njooni, yaya. Anawahitaji, na mimi si mtu wa kumtunza tena.

Msalimie maman, na umbusu Keren kwa niaba yangu. Umezoea kila barua yangu kuishia na salamu za Antoine. Safari hii hakunipa.

Ni mimi mdogo wako,
Ghislain