Seli Zangu Haziwaki

Jumatatu, 6 Mei
Leo damu yangu imeingia kwenye mashine. Ndiyo desturi ya maabara yetu: tukipima damu za wagonjwa, mfanyakazi mmoja anatoa yake ya kulinganishia. Ilikuwa zamu yangu. Tunachanganya seli na protini ya kirusi iliyotiwa rangi, zinapita moja moja mbele ya leza, na iliyoshikwa na protini inawaka kijani. Za wengine wote zimewaka. Zangu — giza! Nitakuwa nimesahau kutia protini.

Jumatano, 8 Mei
Nimerudia. Sikusahau kitu. Seli ziko hai, protini ni ileile, na bado giza. Wellars, mwenzangu wa kazi anayechanganya Kifaransa kila neno, kacheka mpaka kashika meza: "Bon, hata virusi inakukataa! Donc ni mutu gani atakuoa?" Nikacheka pia. Jioni nimepika wali wa mtu mmoja, nikalia. Mjinga mimi.

Ijumaa, 10 Mei
Daktari Rutagengwa, bosi wetu, hakucheka. Anasema huenda nimezaliwa hivi, na seli ambazo kirusi hakiwezi kuzishika, na kama ni kweli tunaweza kupata njia ya dawa. Anataka damu ya ndugu yangu wa tumbo moja, aone kama naye yuko hivyo. Ninaye mmoja tu, mdogo wangu Belise, yuko Kanama. Tangu tumzike mama hatusemeshani. Yeye alibaki na shamba, mimi nikabaki na kinyongo. Na Kanama wala si mbali, aibu!

Jumapili, 12 Mei
Nimempigia. Sauti ya mama kabisa! Nilisema tu: njoo Jumanne, nimekukumbuka. Akasema anakuja. Habari ya damu haikunitoka mdomoni. Bosi nimemwandikia kuwa amekubali kuja. Lakini kumkumbuka nimemkumbuka kweli, jamani.

Jumanne, 14 Mei
Amefika na gunia la viazi, amevaa gauni jipya la kitenge. Tumekumbatiana kwenye geti la maabara, nikampokea gunia. Nilidhani nitamweleza kwenye chai. Kumbe ndani Wellars alikuwa keshaandaa sindano: "Mama, ikala hapa ku kiti, kunja mukono ya nguo."

Belise akanigeukia. "Dada, ulinikumbuka mimi au damu yangu?"

Nikasema vyote. Ndivyo nilivyojibu, mimi!

Ametoka, yuko kwenye benchi uani, namwona dirishani. Wellars anauliza kama azime mashine. Nimemwambia asubiri. Siogopi akikataa. Naogopa atakubali, atoe damu, apande pikipiki, aende zake.

Anasimama. Anakuja huku, anakunja mkono wa gauni —