Alama Mbili kwenye Mguu wa Meza

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimempima mke wangu. Kumpima fundi cherehani si kazi ya mchezo. Alisimama kama mteja asiyemwamini fundi, na nilipoinama na futi yake mwenyewe, kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko, akauliza:

"Ni sanda, au?"

Nikamwambia ni meza. Akasema meza anayo.

Anayo, kweli. Ni ile tuliyokuwa tukilia chakula watoto walipokuwa nyumbani. Sasa iko chumba cha mbele, imebeba majora ya kitambaa cha sare za shule, na wanakatia juu yake wawili kwa zamu: yeye, ambaye wateja humwita Bi Mkasi, na mke wa mwanangu, ambaye wateja humwita Mlingoti. Bi Mkasi ni mfupi, na hata hivyo huinama. Mlingoti akikata, unaweza kuweka sinia la chai mgongoni kwake na lisimwagike.

Niandike kanuni hapa, maana nikiisema kwa sauti watu husinzia. Anayekata amesimama anataka meza iwe chini ya kiwiko kwa upana wa kiganja. Ikiwa chini zaidi, mgongo unalipa. Ikiwa juu zaidi, mabega yanalipa. Kati ya kiwiko cha mmoja na cha mwenzake hapa nyumbani pana zaidi ya shibiri. Kwa hiyo hakuna urefu mmoja utakaowafaa wote. Inatakiwa meza inayopanda na kushuka.

Nimefundisha fizikia mpaka nikastaafishwa. Meza moja haitanishinda.

Jumatano, 5 Juni

Mlingoti kaniletea chai. Hakuondoka. Alisimama akipangusa meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Baba, nina neno. Lakini lisifike kwa Mama kwanza."

Rafiki yake wa shule yuko kiwanda cha nguo. Wanahitaji wakataji. Huko kila mtu ana meza ya kimo chake! Aanze tarehe mosi Julai, akitaka. Nikamuuliza, unataka? Akasema hajachoka na Mama, ni mgongo uliochoka. Usiku hulala kwa ubavu mmoja, na akigeuka huamka. Mwanangu yuko safarini na malori, haoni yanayotokea hapa.

Nimeahidi kunyamaza. Lakini hesabu yake ni fupi. Mke wangu hawezi sare za muhula mzima peke yake, mtaalamu wa viungo alishamwambia. Mlingoti akienda, chumba cha mbele kinafungwa. Na mke wangu bila chumba cha mbele — sijui hata niandike nini. Atahamia kunipanga mimi.

Nina muda mpaka mwisho wa mwezi.

Jumamosi, 8 Juni

Meza ya kwanza. Mchoro wangu, mikono ya Cheche, kijana mchomeleaji wa barabara ya nyuma. Bomba ndani ya bomba, matundu, pini nne. Unatoa pini, unainua, unarudisha pini. Rahisi.

Rahisi kwenye karatasi. Meza ina miguu minne, na pini nne haziingii siku moja. Mke wangu alishika pembe hii, Mlingoti pembe ile, mimi nikatoa maelekezo. Upande mmoja ulipanda, mwingine ukabaki, jora likateremka taratibu hadi sakafuni likijikunjua njia nzima, kitambaa cha buluu kama zulia la wageni rasmi.

"Mwalimu," mke wangu akasema (huniita Mwalimu pale tu ninapokosea), "sasa mgeni yuko wapi?"

Tukaiacha ilipokwama. Somo: meza inayohitaji watu wawili na mabishano ili ibadilike, haibadiliki.

Alhamisi, 13 Juni

Jeki! Ya gari dogo, iliyokataliwa gereji. Nimeiweka katikati ya miguu iliyopishana kama mkasi. Unazungusha mkono wa jeki, meza nzima inapanda kwa pamoja. Hakuna pini. Mtu mmoja anatosha, hata mtoto.

Tatizo ni kwamba inalia. Si kwa sauti ndogo. Mlingoti alipoanza kuipandisha asubuhi, mke wangu akapaza sauti kutoka jikoni:

"Nani anabadilisha tairi humo?"

Mlingoti akaachia mkono papo hapo. Akakata mpaka adhuhuri kwenye urefu wa nusu njia, ambao haumfai yeye wala mtu yeyote aliye hai. Nikatia grisi. Ikalia kwa grisi. Nikatia mafuta ya cherehani. Ikalia vilevile, ila sasa inachafua kitambaa.

Nimekaa nikafikiri. Mlio wenyewe si hoja. Hoja ni kwamba kila anayezungusha anatangaza nyumba nzima: mwenzangu kaiacha vibaya. Mlingoti hawezi kumtangazia mama mkwe wake jambo hilo. Hata mimi nisingeweza, na nimemwoa.

Jumapili, 16 Juni

Inatakiwa meza isiyo na sauti. Na nyepesi — mguso tu.

Jibu nilikuwa nalifundisha kila mwaka. Ukifunga kamba kwenye meza, ukaipitisha juu ya kapi, yaani kile kigurudumu chenye mfereji, ukaning'iniza upande wa pili mfuko wa mchanga wenye uzito uleule, meza haina tena uzito wa kukusumbua. Mchanga unaibeba. Mkono unasema tu twende juu, twende chini. Kilichobaki ni breki ya kuishikilia.

Breki nimeipata kwenye cherehani iliyokufa: pedali. Ukikanyaga, meza inakuwa huru. Ukiachia, inashikwa.

Nilimweleza Cheche kwa kirefu. Akasikiliza kwa adabu, halafu akasema, "Sawa Mwalimu, sasa nichomelee wapi?"

Jumatano, 19 Juni

Inafanya kazi.

Niiandike tena: inafanya kazi. Haitoi hata mkwaruzo. Mke wangu alikanyaga akaipandisha kwa vidole viwili, akaishusha, akaipandisha, kama mtoto aliyegundua swichi ya taa. Hakusema kitu. Kwake hiyo ni hotuba. Mlingoti alisimama mbele ya meza akiwa amenyooka, na nikagundua sikuwahi kuuona uso wake akiwa kazini. Kwa kawaida huwa naona utosi.

Nimepaka rangi alama mbili kwenye mguu: nyekundu ya Bi Mkasi, chini. Bluu ya Mlingoti, juu. Ili mtu asipoteze muda kutafuta mahali pake.

Jirani kaja kuangalia. Kauliza kama inaweza pia kupiga pasi.

Ijumaa, 21 Juni

Jambo la ajabu. Asubuhi nimemkuta mke wangu anakata kwenye alama ya bluu, viwiko vimepaa, kama dereva wa lori anayekata kona. Kulikoni? "Nimeikuta hivi." Mchana nikamkuta Mlingoti kwenye alama nyekundu, amekunjamana. Kulikoni? "Nimeikuta hivi, Baba."

Breki inateleza.

Ila inateleza kwenda juu pia, jambo lililonikosesha raha mpaka nikalipatia maelezo. Majora yakiwekwa juu ya meza, meza inauzidi mchanga, inashuka. Yakiondolewa, mchanga unaizidi meza, inapanda. Safi kabisa. Ningempa mwanafunzi alama zote.

Nitabadilisha mpira wa breki kesho.

Jumapili, 23 Juni

Mpira mpya. Nimeijaribu leo ambapo hakuna kazi. Nikapakia majora yote, nikapiga mstari wa chaki kwenye mguu, nikanywa chai, nikasoma gazeti mpaka matangazo ya vifo. Haikusogea. Nikapakua yote. Haikusogea. Nikaikalia! Haikusogea. Mke wangu akapita, akaniona nimekaa juu ya meza, akaendelea na safari yake.

Breki ni nzima. Nina hofu ilikuwa nzima tangu mwanzo.

Jumanne, 25 Juni

Nimeona.

Nilikaa kwenye kona ya chumba cha mbele na gazeti. Mzee mwenye gazeti ni sawa na kabati, hakuna anayemjali. Mlingoti akaingia wa kwanza. Meza ilikuwa kwenye bluu, mahali pake hasa. Akatazama mlangoni. Akakanyaga pedali, akaishusha hadi nyekundu, akatandaza kitambaa, akainama, akaanza kukata. Kwa hiari yake!

Baadaye akaenda kupokea simu. Mke wangu akaingia. Akaiona iko kwenye nyekundu. Akatazama mlangoni vilevile, akaipandisha hadi bluu, akainua mabega, akaendelea pale mwenzake alipoishia.

Kila mmoja akiingia anaiweka kwenye alama ya mwenzake, kisha anafanya kazi hapohapo, asije mwenzake akatokea ghafla akaikuta haimfai. Meza ya pini wasingeweza. Jeki ingewaumbua. Nimewatengenezea chombo kizuri sana, chepesi na kisicho na sauti, cha kuumizana kwa upendo.

Jioni niliwaita wote wawili. Nikaeleza kiwiko, kiganja, mgongo, mabega. Nikachora. Mlingoti akasema, "Nimekuelewa, Baba." Mke wangu akasema, "Umesema kweli kabisa." Hapo ndipo nilipojua hakuna kitakachobadilika.

Jumatano, 26 Juni

Hakuna kilichobadilika.

Ijumaa, 28 Juni

Mke wangu anajua.

Tulikuwa tunakunja sare, mimi kola, yeye mikono. Akasema bila kuinua uso, "Kiwandani wanaanza Jumatatu." Nikajifanya kutafuta kifungo. Akaniambia niache kutafuta, sare hizo hazina vifungo. Muuza nyuzi ndiye aliyemwambia, zamani tu. Nyumba ya vyumba vitatu, akasema, mnafikiri siri mtailaza wapi?

Nikamuuliza, sasa mbona humwambii abaki?

Akakunja mkono wa sare, akaukunjua, akaukunja tena.

"Nikimwomba, atabaki kwa heshima. Sitaki mtu abaki kwangu kwa heshima. Heshima haina mgongo, Mwalimu. Yeye anao."

"Kwa hiyo unaiacha meza juu."

"Naiacha juu. Akitaka kuona, aone."

Nikamwambia mwenzake haoni meza iliyoachwa juu, anadhani ni yeye mwenyewe aliyeisahau juu jana kwa utovu wa adabu, kwa hiyo anakimbilia kuishusha. Mke wangu akasema huyo binti ana adabu mbaya sana.

Sikumbishia. Niliomba ruhusa niongee na Mlingoti. Amekataa. Amesema nimeeleza vya kutosha mwezi huu.

Jumapili, 30 Juni

Mlingoti kapiga pasi nguo za kutokea. Sikuuliza.

Jumatatu, 1 Julai

Niko kwenye kona ya chumba cha mbele. Naandika hapahapa, nyuma ya gazeti.

Mke wangu aliingia mapema kuliko siku zote. Meza ilikuwa kwenye bluu, alivyoiacha Jumamosi. Akaitazama. Akaishusha mpaka nyekundu, mahali pake mwenyewe — mara ya kwanza tangu nipake rangi! Akaanza kukata amenyooka, mabega yamelala, mkasi unakwenda kama maji. Ndivyo meza ilivyokusudiwa itumike. Sijawahi kuona ushindi unaonisikitisha hivi. Nimeelewa: ameshamruhusu Mlingoti aende.

Mlingoti ametokea mlangoni. Viatu vya kutokea, mkoba begani. Amesalimia. Mke wangu ameitikia, hakuacha kukata.

"Mama, mimi..."

"Najua, mwanangu. Usichelewe."

Mlingoti hakuenda. Amesogea hadi upande wa pili wa meza, ameweka kiganja juu ya kitambaa, akakiangalia kiganja chake.

"Mama, hii meza iko chini."

Mkasi umesimama.

"Iko chini, inaniumiza. Imeniumiza siku nyingi. Sikusema."

Katika nyumba hii nimesikia watu wakiulizwa kama wameshiba, kama wamechoka, kama wanaumwa, na sijawahi kusikia jibu lisilokuwa "hapana, niko sawa." Mke wangu ameweka mkasi chini polepole, kama mtu aliyeamshwa.

"Basi ipandishe," amesema.

"Na wewe?"

"Kwangu juu panaumiza mabega. Panaumiza vibaya."

"Sasa, Mama, tufanyeje?"

Wote wawili wamegeuka kuniangalia. Nimeinua gazeti. Kila kitu nilichokuwa nacho nimeshakieleza.

Nimesikia pedali. Nimechungulia. Ameipandisha, moja kwa moja hadi bluu, mbele ya macho ya mama mkwe wake, na ameshika mkasi. Mke wangu anamvutia kitambaa.

Mkoba bado uko begani.