Yaya, Usiweke Mota Rehani kwa Ajili ya Zoolojia

Kisangani, Kabondo
Tarehe 14 Septemba 2025

Mpendwa Yaya Zacharie, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na wote wa pale Opala. Mguu umepoa? Aliyeniletea barua yako alisema sasa unatembea bila fimbo, lakini alisema pia kwamba umenenepa, kwa hiyo sijui nimwamini kwa lipi. Sisi tuko, tunashukuru. Mke wangu Angélique ana kikohozi kidogo. Mimi macho yananiaga: juzi nilimpungia mkono mkuu wa shule kwa heshima zote, kumbe ni koti limeanikwa. Binti yako Grâce ni mzima, na anakula kuliko sisi wawili.

Ninakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ya huko kwenu inakatika katikati ya neno, na hili sitaki likatike.

Umesema mfanyabiashara wa kahawa atakukopesha dola elfu moja na mia nane, ili Grâce asome zoolojia hapa chuo kikuu kama mimi, nawe umrudishie elfu mbili na mia tano. Dhamana ni mota ya boti yako, na utatia sahihi mwisho wa mwezi huu. Halafu umeandika: "Kama wewe umefika pale ulipo, yeye naye atafika." Bon, Yaya, acha nikuonyeshe nilipo.

Ni mwaka wa ishirini na nne tangu mlinimwagia poda kichwani siku nilipopata shahada, mama akicheza mpaka kiatu kikamtoka. Katika miaka yote hiyo, kazi yenyewe ya zoolojia, ile ya kulipwa kwa kujua wanyama, nimeifanya siku hamsini na saba. Nimezihesabu. Ni watafiti wa kutoka nje, waliohitaji mtu wa kuwatajia majina ya samaki na kubeba masanduku. Masanduku yalikuwa mengi kuliko majina.

Siku nyingine zote ni chaki. Nilifundisha miaka sita kabla jina langu halijaingia kwenye orodha ya mishahara, tukiishi kwa kile wazazi wa wanafunzi walichochanga. Leo ninapata kama dola mia moja na sabini kwa mwezi, na bila pondu, yale majani ya muhogo anayouza Angélique sokoni, tusingevuka tarehe kumi na tano. Grâce akipata bahati kama yangu, na mimi ninahesabiwa kati ya wenye bahati, mshahara wake wa miezi kumi na tano, bila kula wala kununua sabuni, ndio utakaofuta deni hilo. Na mota utakuwa umeshanyang'anywa, urudie kupiga kasia na mgongo huo.

Najua utasema Constant anaficha, Constant ni mchoyo. Basi tufike hapo.

Marehemu Émilie, mama yake Grâce, alipolazwa hospitalini, uliniomba dola mia mbili. Nilikutumia ishirini pamoja na barua ndefu ya Kifaransa kizuri, nikisema nina gharama nyingi mjini. Yaya, nilikuwa na dola ishirini na tatu. Zile tatu tulinunua muhogo. Baadaye nilisikia kwamba kwenye matanga ulisema mdogo wako amekuwa na roho ngumu, nami nikanyamaza.

Wewe ulikuwa unanishinda hesabu, na ndiwe uliyeacha shule ukavua ili mimi nisome. Hata samaki wa utafiti wangu uliwavua wewe, mama akilia kuona tunatia mboto wanono kwenye chupa za dawa badala ya sufuria. Niliona afadhali unidhanie mchoyo kuliko ujue kwamba shule uliyonilipia haikuzaa. Miaka tisa nimekuacha uamini pesa ipo, ila mimi siitoi. Sasa imani hiyo ndiyo inayokupeleka kwa huyo mfanyabiashara. Unisamehe.

Kuhusu Grâce mwenyewe, sina la kumlaumu. Juzi alikuwa jikoni anapasua samaki, akaniita mimi Papa Leki wake, baba mdogo, nitazame kibofu cha hewa, macho yanamwaka. Nikamwuliza:

"Grâce, hauonaka namna tunakula hapa?"

"Ninaonaka, Papa Leki. Lakini wewe ukianza kuongea mambo ya samaki, unasahau kama haukukula."

"Ni uzee huo."

"Hapana, ni furaha. Mama Angélique naye anajua. Njo maana anakuulizaka mambo ya samaki siku chakula iko kidogo."

Sikujua hilo. Nimeoa miaka ishirini na sikulijua.

Hapa kuna shule ya mafundi wa maabara ya hospitali. Ni miaka mitatu, ada inalipwa kidogo kidogo, na wanaomaliza hawakai sana bila kupata chochote. Nusu nitaitoa mimi, nusu ya kweli safari hii. Mota ibaki kwenye boti.

Nilimpa Grâce barua hii aisome kabla sijaifunga. Aliisoma mara mbili, kisha akasema: "Umwandikie Papa kama laboratoire njo nilikuwa ninataka tangu zamani. Usiandike kitu ingine."

Nimeandika kama alivyoomba. Nawe akija huko Noeli akakwambia hivyo kwa mdomo wake, tafadhali Yaya, jifanye umeamini.

Unisalimie dada yetu Josée, na Tonton Sadrack, umwambie redio yake bado ninaitengeneza, mwaka wa tatu sasa. Mungu autulize mto mbele ya boti yako, na akupe usingizi usio na hesabu.

Mimi mdogo wako akupendaye, na ambaye hakuwahi kuwa mchoyo,

Constant