Moshi wa Mavi Makavu

Kumsenga, Kibondo
14 Agosti 1977

Mama Hamisi, mke wangu,

Leo natimiza siku sitini na mbili tangu niondoke Singida. Mgongo unauma kwa kufyeka pori la kituo hiki cha utafiti cha chuo cha madaktari wa mifugo, lakini kazi bado ninayo. Jana moyoni nilikuwa nimeshafunga mzigo, nikidhani nafukuzwa.

Hapa ndama hufungwa porini makusudi waumwe na mbung'o, ndipo daktari ajaribu dawa yake. Mimi sikuelezwa. Niliona ndama anahangaika, machozi yanamtoka, nikamwashia mavi makavu ya ng'ombe upande unakotokea upepo, kama zizini kwetu. Daktari alipokuja na daftari lake kuhesabu mbung'o, hakukuta hata mmoja.

"Mzee, umeniharibia kazi ya wiki nzima," akasema.

Mpishi wetu, Muha wa Busunzu, akadakia: "Daktari, mimi ndiye wa kulalamika. Naumwa na mbung'o hao kila siku, na huyu Mnyaturu hajaniwashia moshi hata mara moja."

Daktari akacheka kidogo, kisha akaniuliza mavi yalikuwa makavu kiasi gani. Leo amenipa ndama wawili niwafukizie, wawili wengine niwaache, tuone tofauti. Mchana ugali wa muhogo umeshuka vizuri.

Wasalimie watoto na mama, uwaambie nimekonda kidogo tu. Kazi ya moshi ni ya wiki sita. Mwanzoni mwa Oktoba nitakuwa nyumbani.

Baba Hamisi