Jina la Kumi

Jumatatu, 8 Juni

Saa kumi na mbili asubuhi simu ya Mama imemsalimia tena kwa sauti ya Deo. Shikamoo Mama. Naye akaitikia marahaba, kama kila siku, kana kwamba mwanawe hajalala kaburini kibanjani, kwenye migomba yetu, hatua ishirini kutoka jikoni. Mimi nikawasha kompyuta.

Ukaguzi. Maktaba ya programu ya mizani ya kahawa, yaani fungu la msimbo ambalo programu nyingine huliazima, tuliyoiandika mimi na huyo Deo, mdogo wangu. Majina ambayo programu nyingine zinaweza kuyaona na kuyaita yawe tisa tu. Mengine ni ya ndani, kama vitu vya stoo. Yamekuja kumi. La kumi: deo_amkia.

Sikulijua.

Jumanne, 9 Juni

Nimefungua msimbo. Sauti yake imo humo, na jina kaliacha wazi ili simu ya Mama iliite kila asubuhi. Maktaba ikitoka hivi Ijumaa, yeyote ataweza kumwita. Marehemu wetu kwenye simu za watu baki, kutoka vijiji vya Rugu hadi Kimuli. Hapana.

Nimelificha. Nimeijenga maktaba upya, nimekagua: kumi. Tena: kumi. Nikatoka nikasimama uani penye kahawa iliyoanikwa. Naogopa, na ni saa nane mchana.

Jumatano, 10 Juni

Mjinga mimi. Nilikuwa nakagua faili la zamani. Jipya lina tisa. Nimeliweka kwenye simu ya Mama, ndiyo ninayojaribia siku zote.

Alhamisi, 11 Juni

Simu kimya. Mama kaketi nayo mapajani mpaka jua likatoka. "Deo kachelewa," akasema.

Nikamweleza kwamba nimelificha jina ambalo simu yake ilikuwa ikiliita. Nikamwambia naweza kumtengenezea maktaba yake peke yake, yenye majina kumi. Akaifikiria.

"Acha. Mwaka mzima namwitikia aliye kibanjani. Wewe uliye ndani hujaniamkia tangu tumzike."

Ni kweli. Nilimwachia Deo kazi hiyo. Nimeona aibu, nimeshindwa kula.

Ijumaa, 12 Juni

Nimetuma. Tisa.

Jumamosi, 13 Juni

Kompyuta sikuiwasha. Nimeenda jikoni kwanza. Shikamoo Mama.

Marahaba, akasema, kisu kikasimama kwenye ndizi. Akaitupia simu jicho, akimsubiri wa pili. Kisha akaendelea kumenya.