Nguzo ya Kati

Kikuyu, Dodoma. Jumatano usiku.

Hadi usiku huu nilikuwa nimemficha mwanangu Yona habari ya nguzo ya kati ya karakana yake.

Tuliijenga kwa vya kuokoteza: kuta za udongo, paa la mapipa ya jeshi yaliyokunjuliwa baada ya vita. Nguzo tu nilisema nitaileta mwenyewe, ya mpingo, isiyoliwa na mchwa. Uwezo sikuwa nao, na kusema hivyo niliona aibu. Yona akawatambia mafundi wenzake: "Nani ameona mpingo ulionyooka hivi? Baba yangu mwalimu kauchora kwa rula!" Wakacheka. Nami nilicheka.

Kitanda changu kimeegemea ukuta wa karakana. Tangu mvua zianze nasikia kitu kikitafuna, taratibu, bila kupumzika. Leo asubuhi nilijikongoja hadi kwenye nguzo, nikaichoma kwa fimbo. Ncha ilizama kama kwenye ugali.

Kesho Yona angetundika hapo injini ya lori, na yeye mwenyewe awe chini yake.

Kifua hiki hakitanivumilia sana. Nikamwomba mkewe, Damari, amwamshe. Yona alisimama mlangoni na taa.

"Shikamoo, baba. Umezidiwa?"

"Marahaba. Injini usiitundike."

"Kwa nini? Nguzo ile hata tembo ataning'inia."

Ilinibidi nivute pumzi mara mbili.

"Ni mkaratusi, Yona. Niliupaka oili chafu ili uwe mweusi."